Sikumwambia mtu kode yangu

Kama kuna sentensi niliyowachosha nayo watu wa kwetu, ni hii: usimwambie mtu kode yako, ile namba ya siri ya pesa za simu. Niliisema mezani, niliisema matangani, niliiandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia mpaka shemeji yangu mmoja akaniuliza kama nalipwa na mtandao wa simu. Mama mukubwa, dada wa kwanza wa mama yangu, ndiye aliyeishika vizuri kuliko wote. Siku alipoibiwa dola 340 hakumwambia mtu kode yake. Mwizi mwenyewe alimkataza.

Naandika jinsi ilivyokwenda, hatua kwa hatua, hata kama yeye angependa niseme kwa kifupi.

Mama mukubwa anauza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, kwenye soko la Kadutu, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo. Pesa ile haikuwa yake. Ilikuwa ya likelemba: wanawake kumi na wawili, kila mmoja anatoa fungu lake mwisho wa mwezi, na yeye ndiye mweka hazina kwa sababu hajawahi kuchelewesha zamu ya mtu. Zamani angeifunga kwenye kitambaa au, ikiwa nyingi, angeipeleka benki. Lakini tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki za hapa zilifunga milango, na mwenye akaunti akabaki na kadi ya kufungulia kurasa za kitabu. Kodi ya nyumba, ada ya watoto, mchango wa matanga, vyote vikahamia kwenye simu. Kuitoa pesa hiyo iwe noti mkononi ni kazi nyingine: noti ni chache, na komisheni ya kutoa inapanda na kushuka kama bei ya nyanya. Basi watu wanaiacha humo humo, wakisubiri siku komisheni itakapokuwa na huruma. Wezi wanajua hesabu hiyo kama sisi.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, soko limefurika. Ana simu mbili za vitufe, kama wengi wetu, kila moja na mtandao wake. Moja ni ya kuongelea na nyingine ni ya pesa. Ikalia ile ya kuongelea. "Bonjour maman." Kifaransa safi, cha ofisini, na nyuma yake sauti za watu wengine kama wanaopokea simu. Kijana akamwita kwa majina yake yote matatu, lile la baba, la babu na la ubatizo, kwa mpangilio ule ule wa kitambulisho.

Majina matatu ndiyo yaliyommaliza. Mpaka leo anauliza: "Kama haikuwa mutu wa mtandao, jina langu aliitosha wapi?"

Mwizi aliitosha, yaani aliitoa, kwenye simu yake mwenyewe. Ukianza kumtumia mtu pesa, mitandao mingi inakuonyesha jina la mwenye namba kabla hujathibitisha, ili usikosee. Ni kinga nzuri, imeniokoa mara mbili. Lakini mwizi naye anaweza kuanza kukutumia faranga 100, akasoma jina lako lote, kisha akafuta. Haimgharimu hata dakika moja. Na akikuta namba yako kwenye kikundi cha WhatsApp cha wauza samaki, tayari anajua unauza nini na uko soko gani.

Baada ya salamu akaacha Kifaransa, akashuka kwenye Kiswahili chetu, kile cha fasi kwa nafasi, makuta kwa pesa na solde kwa salio. Kifaransa kilikuwa cha kumsimamisha mama wima, Kiswahili kilikuwa cha kumkalisha.

"Mama, usiogope. Tunakupigia juu ya kitambulisho yako. Mu mashini yetu fasi yako iko wazi. Tukikosa kuijaza leo, saa sita namba itafungwa, na makuta yenye iko ndani itabakia mule. Uko na simu ingine karibu?"

Alikuwa nayo. Akaambiwa aifungue menyu ya pesa, huku ile ya kwanza iko sikioni.

"Tuangalie kwanza kama mashini inakusoma. Tia fasi ya kuona solde. Inakuonyesha ngapi?"

Akamwambia. Dola 346 na senti.

"Muzuri sana, mama, inakusoma. Sasa rudia menyu, tia moja. Itakuomba namba ya faili yako, nakusomea, andika tu."

Akamsomea tarakimu mbili mbili kwa Kifaransa, kama tunavyosomeana namba za simu hapa Kongo. Ilikuwa namba ya simu, ikianza na sufuri kama namba nyingine zote. Angeiona kwenye karatasi angeitambua. Lakini mtu akikupigisha mbio za septante-huit na nonante-quatre, na mteja mbele yako ananyoosha kikombe anataka sambaza za faranga 2,000, huoni namba. Unaona kazi ya kuandika, unataka tu iishe.

"Sasa namba ya ofisi yetu ya Bukavu: tatu, ine, sufuri."

Akaandika 340. Dola sita zilizobaki zilikuwa za ada ya kutuma. Kijana alikuwa amekwisha kupiga hesabu.

"Sasa mama, sikiliza muzuri. Itakuomba kode. Ile ni siri yako. Usiniambie hata mimi! Itie wewe mwenyewe, na uangalie mutu asikuone."

Akageuka, akaifunika simu kwa kitenge, akatia kode. Ujumbe ukaingia. Hakuwa na miwani. Kijana akamshukuru, akamtakia biashara njema, akamwombea baraka. Mama mukubwa naye akamjibu: "Aksanti, mutoto wangu, Mungu akusaidie na wewe."

Nimeyaandika maneno hayo ya mwisho kwa ruhusa yake. Ndiyo yanayomuuma kuliko dola.

Jioni alipita kwa dada wa kabine, yule anayetuhudumia pesa za simu chini ya parasoli yake karibu na kituo cha pikipiki, anunue unite za kupigia simu. Akamwonyesha ule ujumbe, akitaka amsomee kama kitambulisho kimekubaliwa. Dada akasoma, akasoma tena. "Mama, hapa hamuna kitambulisho. Hapa ulituma makuta."

Nilifika kwake usiku. Nilikuwa nimekwisha kuandaa hasira yangu njiani, unajua jinsi mtu aliyeonya anavyojisikia. Nikaanza: "Mama mukubwa, si nilisema..." Akanikata. "Ulisema nisimwambie mutu kode. Nilimwambia nani?"

Sikuwa na jibu. Sijalipata mpaka leo, ila kukubali kwamba onyo langu lilikuwa nusu. Tulifundishwa, na sisi tukafundisha, kwamba mwizi anataka kode. Mwizi wa leo anataka vidole. Kode ya nini, kama wewe mwenyewe utaitia mahali pake? Sentensi ambayo ningepaswa kuwachosha nayo ni nyingine: usibonyeze kitu chochote kwenye simu wakati kuna sauti ya mtu inakusomea. Akisema ni wa mtandao, akisema ni wa benki, akisema ni wa serikali, mkatie. Kisha wewe mwenyewe, ukiwa umetulia, piga namba ya huduma unayoijua, ile iliyo kwenye karatasi ya laini yako au iliyoandikwa dukani kwao. Usipige ile aliyokupigia, wala ile uliyoikuta Facebook, kwa sababu huko wezi nao wanafungua kurasa zenye rangi na nembo za mitandao.

Na hapa ndipo penye ugumu wa kwetu, ambao sijauona ukiandikwa kwenye matangazo. Kukata simu mtu akiwa bado anazungumza ni utovu wa adabu. Mama mukubwa hawezi kumkatia hata mlevi. Mkubwa hamalizi simu bila kusalimia watoto wako mmoja mmoja, na mdogo hathubutu kuweka chini kabla mkubwa hajaaga. Ongeza Kifaransa juu yake. Mtu anayekusemesha Kifaransa kizuri, tangu enzi za wazee wetu, ni karani, daktari, padri au mkuu wa shule: mtu mwenye karatasi yako mkononi. Mimi nimesoma, nakula kwa Kifaransa, na bado nikiitwa "monsieur" kwa sauti ya ofisi mgongo wangu unanyooka wenyewe. Yule kijana hakuvunja mtambo wowote. Alipita kwenye malezi yetu.

Halafu angalia tunavyopokea dola. Noti yenye mchaniko mdogo kama ukucha, hapa hainunui hata mkate. Tunaigeuza juani, tunaipapasa kola ya picha, tunasoma mwaka wake, tunamrudishia mwenyewe na aibu yake. Hakuna anayesema hiyo ni dharau. Kambisti, yule mbadilisha pesa, akikukagulia noti mara tatu unasubiri. Sauti ya mtu usiyemjua tunaipokea bila kuigeuza.

Nilipoanza kuulizauliza, hadithi zikamiminika, maana kila mtu alikuwa na yake na aliificha. Nyingi ni za aina moja, sitazirudia. Ile ya "nimekosea nikakutumia, tafadhali nirudishie" bado inakula watu. Unapata ujumbe wa pesa kuingia, umeandikwa vizuri kabisa, kisha mtu analia kwamba ile ilikuwa dawa ya mtoto. Dada wa kabine alinionyesha dawa yake. Hausomi ujumbe, anafungua menyu na kuangalia solde. Ujumbe unaweza kuandikwa na yeyote, solde haiwezi. Na hata kama pesa imeingia kweli, harudishi kwa mkono wake. Anamwambia mtu apige huduma kwa wateja waigeuze wao, kwa sababu kuna wanaokuibia kwa upande wa pili: unamtumia, kisha na yeye analalamika kwa mtandao wa simu kwamba alikosea, na ile ya kwanza inaondolewa.

Binamu yangu wa Goma alipoteza WhatsApp yake, na hii nataka kukaa nayo kidogo kwa sababu ina kamba ndefu. Alipokea ujumbe kutoka kwa rafiki yake wa kwaya: "Nimetuma kode kwako kwa makosa, nirudishie." Tarakimu sita. Rafiki alikuwa amekwisha kuibiwa naye. Zile tarakimu sita ndizo WhatsApp inazotuma mtu anapotaka kufungua akaunti yako kwenye simu nyingine. Alipozitoa, akatupwa nje ya akaunti yake mwenyewe, na nusu saa baadaye watu arobaini wa ukoo wakasoma kwamba amekwama mpakani na anahitaji dola 150 mpaka kesho. Wawili walituma. Wa tatu, dada yake mdogo, alimjibu kwa Mashi, lugha ya kwetu: wakati wa matanga ya babu, ni nani aliyeanguka na sufuria ya maharage? Kimya. Kisha mwizi akaandika kwa Kifaransa kwamba huu si wakati wa utani.

Tangu hapo kila simu ya familia imewekwa uthibitishaji wa hatua mbili. Upo kwenye mipangilio ya WhatsApp, upande wa akaunti, na umekuwepo tangu 2017: unachagua namba yako ya siri ya tarakimu sita, na bila hiyo, hata mtu akipata kode ya ujumbe haingii papo hapo. Inachukua dakika moja. Nilizunguka nyumba kwa nyumba Jumapili nzima, nikalishwa bugali mara tatu.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi. Wanakuomba upige namba yenye nyota, 21, nyota tena, namba ya simu, kisha alama ya reli, "ili mtandao wako uwe na nguvu". Ukipiga, simu zako zote zinahamia kwa huyo mtu. Kode za sauti zinazopigwa kukuthibitisha anazisikia yeye. Ukishuku umeshafanya hivyo, piga ##002#, inaondoa uhamishaji wote wa simu. Nyingine ni laini kufa ghafla. Mtu amekwenda mahali, akasema yeye ni wewe, simu imepotea, akapewa laini mpya yenye namba yako. Hii inatupata vibaya hapa kwetu kwa sababu mtandao ukikatika hatushtuki, tunalaumu umeme, mvua au vita, tunalala. Basi muulize jirani mwenye mtandao huo huo. Kama yake inashika na yako imekufa, usilale. Nenda dukani kwao siku hiyo hiyo.

Na vijana wanaotafuta kazi, jamani. Katika mji ambapo gari jeupe lenye antena, la Umoja wa Mataifa au la shirika la misaada, ndiyo ndoto ya kila aliyemaliza chuo, tangazo la kazi linasambaa kwenye vikundi kuliko habari ya msiba. Unaitwa, unasifiwa, halafu unaombwa dola 25 za faili, au za mafunzo, au za kipimo cha afya, zitumwe kwa simu kwenye namba ya mtu. Umoja wa Mataifa unaandika wazi kwamba hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri, iwe maombi, usaili, kushughulikia faili au mafunzo, na hauulizi habari za akaunti yako ya benki. Mdogo wangu alijua hayo yote. Alilipa. Alisema, "Yaya, kaka yangu, dola 25 ni kidogo, kama ni ya kweli je?" Sikumgombeza. Miaka mitatu bila kazi inafanya hesabu za namna yake. Wazee wa Kinshasa waliopanga foleni mwaka 1991 mbele ya Bindo, kampuni iliyoahidi kuzidisha pesa kisha ikaanguka, waweke pesa zizae, hawakuwa wajinga kuliko sisi. Walikuwa na njaa na tamaa kwa pamoja, na vikundi vya leo vya kuzidisha dola zako kwa siku saba ni foleni ile ile bila jua.

Nirudi kwa dola 340. Tulipiga huduma kwa wateja usiku ule. Waliangalia, wakasema pesa ilitolewa dakika kumi na moja baada ya kufika. Kama tungepiga mara moja, na kama ingekuwa bado imo kwenye akaunti ile, wangeweza kuizuia. Basi hizo dakika ndizo zenye thamani: usianze kulia, usianze kumtafuta mtoto aliyesoma, piga, taja namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe, omba wazuie. Na ujumbe usiufute. Laini ya mwizi ilikuwa imeandikishwa kwa jina la mwanamke. Huenda ni bibi fulani kijijini aliyetoa kitambulisho chake siku walipogawa laini za bure, na hajui kwamba jina lake linaiba.

Sheria ipo. Kongo ina Kanuni ya Dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na wizi wa namna hii umo ndani yake. Mahali tulipokwenda kulalamika tuliombwa dola 20 za kufungua faili. Mama mukubwa akauliza zitatumwa kwa namba gani. Hakuwa anatania, lakini mimi nilicheka, na nadhani ndiyo sababu hatukufunguliwa faili.

Wanawake wa likelemba walikaa, wakalia, wakaamua. Hawakumwondoa kwenye kazi yake ya hazina. Anawarudishia dola 20 kila mwezi, na zamu zinaendelea. Walibadilisha jambo moja: pesa ya kikundi imewekwa kwenye laini isiyojulikana na mtu nje yao, haipigi wala haipokei simu, iko ndani ya simu moja ya zamani inayokaa imezimwa, na laini yenyewe imefungwa kwa namba ya siri, ili hata ikiibiwa isifunguke kwenye simu nyingine. Kode ya pesa anaijua mmoja, simu inalala kwa mwingine. Siku ya kutuma wanakaa watatu, simu zao nyingine ziko kwenye mfuko, na mwenye miwani anasoma kwa sauti kila mstari kabla ya kubonyeza. Jina likitokea wanalijadili. Inawachukua robo saa kutuma pesa moja.

Dada wa kabine naye ana utaratibu wake. Mteja akifika na simu sikioni, anataka kutuma, hamhudumii. "Kata kwanza," anasema. Wiki iliyopita nilikuwa pale nasubiri unite zangu. Alikuja baba mmoja wa suti, jasho linamtoka, anajibu "oui, oui, monsieur" kwenye simu, na mkono mwingine unahesabu noti za dola ishirini ishirini. Dada akamwambia akate kwanza. Baba akamtolea macho, akamwambia hana heshima, kwamba anaongea na watu wakubwa. Dada akafunika kidaftari chake kwa kiganja, hakusema tena. Nikamwambia baba, nami, kwa upole wote nilio nao. Hakunisikia. Alihamia parasoli ya pili, hatua kumi tu, simu bado iko sikioni. Kule walimhudumia.